Ziara ya kiwanja cha ndege cha vita, Maktau: nyota nne, ya tano nimeizuia

Nimekuwa fundi wa ndege Mombasa kwa miaka 27. Kwa hiyo mpwa wangu aliponiambia kuna ziara ya siku moja ya kwenda kuona kiwanja cha ndege cha Vita vya Kwanza vya Dunia huko Maktau, katikati ya nyika ya Taita, nilimuuliza swali la kifundi: kumebaki nini? Ndege za 1915 zilikuwa mbao, waya na kitambaa. Hazikuhitaji lami wala mnara wala zege. Vitu hivyo vikiachwa nyikani mwaka mmoja, mchwa na mvua humaliza kazi.

"Mjomba, twende tu," akasema. "Utaona wewe mwenyewe."

Tulikwenda Jumamosi ya kwanza ya Septemba, yeye na mimi, pamoja na wageni wengine wanne. Nimesubiri wiki mbili kabla ya kuandika haya, maana siku ile nilirudi nimejaa mno. Kampuni iliyotupeleka siitaji jina. Nina malalamiko mawili juu yao na nimeshayafikisha kwao wenyewe. Lakini nitasema mapema: ziara hii inafaa pesa yake, na kama una moyo wa kusikiliza ardhi tupu ikisimulia, utarudi nyumbani mtu mwingine kidogo.

Safari yenyewe ni nyepesi. Tulipanda treni ya asubuhi Miritini, tukashuka Voi, gari likatupokea stesheni. Tulilipa shilingi 5,500 kila mmoja, ndani yake mna gari, mwongozaji, maji na chakula cha mchana. Nauli ya treni ni juu yako. Barabara ya Voi, Mwatate hadi Taveta sasa ni lami, karibu kilomita 110, kwa hiyo mgongo wa mtu wa umri wangu hauna la kulalamikia. Gari lilikuwa safi na mikanda ilifunga. Dereva hakukimbiza hata mara moja, na nilimwambia asante kwa hilo.

Kituo cha kwanza ni makaburi ya vita pale Voi. Mwongozaji, kijana wa Kitaita wa miaka thelathini na kitu hivi, alitusimamisha mbele ya kaburi la Luteni Wilbur Dartnell. Huyu alizaliwa Australia, akapigana na kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers cha jeshi la Uingereza, na aliuawa karibu na Maktau tarehe 3 Septemba 1915. Kikosi chake kilivamiwa, yeye akapigwa risasi mguuni. Wenzake walipotaka kumbeba aliona majeruhi wengine hawawezi kuondolewa, akakataa kuwaacha, akaamuru yeye naye aachwe pale pamoja nao. Alipewa nishani ya Victoria Cross, ya juu kabisa ya ushujaa kwa Waingereza, baada ya kufa. Kijana alisimulia taratibu, bila kupaza sauti, kisha akanyamaza mpaka sisi wenyewe tukageuka kwenda garini. Hapo ndipo nilipoanza kumwamini.

Kutoka Voi hadi Maktau alitueleza kwa nini mtu yeyote alifikiria kuweka ndege huko. Vita vilipoanza Agosti 1914, Wajerumani walivuka kutoka upande wa Moshi, wakati huo koloni lao, wakaichukua Taveta mwezi huo huo. Kutoka hapo vikundi vyao vidogo vilikuwa vikivuka nyika ya Tsavo kwa miguu, kwa maji ya kubeba, kwenda kutega baruti kwenye reli ya Uganda. Treni zilianguka moja baada ya nyingine. Waingereza hawakuweza kulinda kila hatua ya reli katika pori lile, wakaamua kwenda kumfuata adui alikokuwa. Lakini nyika kati ya Voi na Taveta ni kavu. Ndiyo maana 1915 walianza kujenga reli mpya kutoka Voi kuelekea magharibi, na vikosi vya reli kutoka India vikaifikisha Maktau katikati ya mwaka ule. Maji yaliletwa kwa bomba kutoka milima ya Bura. Maktau ikawa kambi kubwa: mahandaki, mizinga, farasi, jikoni, hospitali, halafu mwezi wa Septemba zikaja ndege.

Wakati anasema haya tuliiona reli yenyewe kando ya barabara, vyuma vimeshika kutu, miba imeota kati ya mataruma. Mpwa wangu aliomba tusimame apige picha. Dereva akasimama. Huduma ndogo kama hiyo ina uzito wake.

Sasa Maktau. Nisikudanganye: ukishuka garini huoni kitu. Udongo mwekundu, migunga, upepo wa kusi ukivuma moja kwa moja, na mbali kidogo mlima uliotumiwa na walinzi. Mama mmoja wa kundi letu aliuliza waziwazi, "Ndipo hapa?" Nami moyoni nilikuwa na swali hilo hilo.

Kijana hakujibu. Alituomba tumfuate kwa miguu, mstari mmoja, tukanyage alipokanyaga. Baada ya dakika kumi hivi alisimama na kusema, "Mzee wangu, wewe umesema ni fundi wa ndege. Tazama chini, uniambie."

Nilitazama. Mwanzoni sikuona zaidi ya changarawe. Kisha nikaona kwamba mawe makubwa hayapo. Kila mahali tulikopita kulikuwa na mawe ya ukubwa wa kichwa cha mtoto yaliyojitokeza ardhini, hapa, hakuna. Nilitembea hatua mia na zaidi kuelekea upepo unakotoka, hakuna. Nikakata kushoto, na baada ya hatua kama arobaini nikayakuta: yamerundikwa kwenye ukingo, mstari mrefu wa mawe uliofunikwa nusu na majani makavu. Mawe hayajirundiki yenyewe. Mtu aliyainamia, akayainua, akayabeba, akayaweka pale, jiwe moja moja, ili gurudumu jembamba kama la baiskeli lipite bila kuvunjika. Nilichuchumaa nikaweka kiganja juu ya moja. Lilikuwa la moto kwa jua. Nimefanya kazi kando ya njia za ndege maisha yangu yote na sijawahi kuigusa njia ya ndege kwa namna ile.

Nilimweleza kijana jambo moja ambalo hakulijua, naye alilipokea vizuri na kuliandika kwenye daftari lake. Yeye alikuwa akitafuta barabara ndefu nyembamba kama tulizonazo leo. Viwanja vingi vya wakati ule havikuwa barabara; vilikuwa uwanja, kama wa mpira, kwa sababu ndege nyepesi vile haikuweza kuruka na upepo wa ubavuni. Rubani aligeuza pua kuelekea upepo, wowote uliokuwapo siku hiyo, akaondoka. Na hakuhitaji umbali mrefu.

Habari ya ndege zenyewe ndiyo sehemu iliyonishika zaidi, na hapa kijana alistahili kila senti. Alianzia mbali, baharini. Manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha ndani ya mikoko ya delta ya Rufiji. Waingereza hawakuweza kuiona kutoka baharini. Walileta ndege, mwishowe wakatengeneza kiwanja katika kisiwa cha Mafia, na tarehe 6 na 11 Julai 1915 meli mbili bapa, Severn na Mersey, ziliingia mtoni zikapiga mizinga huku rubani na mwangalizi wake wakizielekeza kutoka juu kwa simu ya upepo. Siku ya pili ndege ya John Cull na mwangalizi Arnold ilipigwa. Injini ikafa. Wakati inashuka, Arnold aliendelea kutuma masahihisho kwa wapiga mizinga mpaka wakaanguka majini, na wote wawili wakaokolewa. Siku hiyo Königsberg ilikwisha.

Mtu wa Mombasa anaijua Königsberg hata kama hajui kuwa anaijua. Mzinga wake mmoja umo Fort Jesus. Nimepita mbele yake tangu utotoni na kuupanda mgongoni kabla askari hajatufukuza. Wajerumani waliitoa mizinga yake kumi wakaikokota nchi kavu na kuitumia vitani. Lakini sikuwahi kuambiwa kwamba wale waliosaidia kuizamisha ndio waliokuja nyikani kwetu. Cull alitumwa Maktau na ndege aina ya Caudron, za jeshi la maji la Uingereza, wakafika Septemba 1915. Yaani mabaharia, wenye cheo cha jeshi la maji, wakaishi kwenye vumbi jekundu mahali ambapo hata maji ya kunywa yaliletwa kwa bomba. Kazi yao ilikuwa kuruka kuelekea Mbuyuni, Salaita na Taveta, kutazama adui yuko wapi, kuchora ramani ya nchi ambayo ramani zake zilikuwa duni sana, na kuangusha mabomu madogo. Upande wa pili haukuwa na ndege ya kuwapinga. Adui wao mkubwa alikuwa hali ya hewa na ardhi yenyewe.

Hapa nilijikuta nimekuwa mwongozaji wa pili, na kijana aliniachia nafasi. Caudron G.III ni ndege ya watu wawili. Haina kiwiliwili kirefu. Nyuma mkia umeshikwa na fito nyembamba na waya. Haikuwa na vibao vya kukunja kwenye ncha za mbawa. Rubani alilipinda bawa lenyewe kwa waya ili kugeuka. Sasa fikiria bawa hilo la mbao na kitambaa kwenye jua la Maktau. Mbao hukauka na kujipinda, gundi huachia, kitambaa hulegea. Saa sita mchana hewa ya joto ni nyepesi, injini inapumua kwa taabu na bawa halipati cha kushika, na juu ya udongo mwekundu hewa inapanda kwa mawimbi, ndege inarushwarushwa kama ngalawa. Ndiyo maana marubani wa nchi za joto walipenda alfajiri. Kila asubuhi ya namna hiyo kulikuwa na fundi aliyeamka saa tisa usiku kwa taa ya chemli, akakaza waya moja moja kwa kuzigonga na kusikiliza mlio. Fundi huyo hana kaburi lenye nishani. Nilimfikiria sana.

Kisha kijana akafanya jambo ambalo sitalisahau. Ukingoni mwa kiwanja kulikuwa na mbarika umeota, ule wa mbegu za nyonyo. Akachuma kichala akanipa mkononi. "Mzee, hii ina nini na ndege?"

Nilicheka kwa furaha. Caudron nyingi zilikuwa na injini ya kuzunguka: silinda zote zinazunguka pamoja na rafadha, na mhimili ndio unaosimama. Petroli ilipitia ndani ya injini na ingeyasafisha mafuta ya kawaida, kwa hiyo walitumia mafuta ya nyonyo, ambayo petroli haiyayeyushi. Injini iliyatumia na kuyatema, hayakurudi tena. Rubani alikula moshi wake, akashuka uso unang'aa na nguo zinanuka nyonyo. Mama yangu, aliyezaliwa Bura, alitupaka mafuta hayo hayo nyweleni. Nilisimama pale na kichala mkononi, na kwa mara ya kwanza kiwanja kile kikawa na harufu.

Kutoka Maktau gari linakwenda Mbuyuni. Hapa ziara inalegea kidogo. Waingereza walijaribu kuichukua Mbuyuni Julai 1915 wakashindwa, wakaipata Januari 1916. Mwisho wa mwezi huo kikosi cha 26 cha anga, chenye Waafrika Kusini wengi, kilishuka Mombasa tarehe 31 Januari, kikaja na ndege za BE2c pamoja na Henri Farman za mifupa ya chuma walizokuwa wametumia Namibia ya leo. Kiwanja kikahamia mbele, na Maktau ikaanza kusahauliwa. Kijana alisema haya yote kwa dakika tano akiwa ndani ya gari linalotembea, na tukapita Mbuyuni bila kushuka. Kwa mtu wa ndege hilo ni kosa. Farman ya chuma katika nchi ya mchwa na joto ndilo jibu la fundi kwa taabu zote nilizozitaja hapo juu, na ingetosha kushuka dakika kumi kulieleza hilo.

Salaita, lakini! Salaita peke yake inatosha kulipia siku. Ni kilima kifupi kabla ya Taveta, hakitishi mtu. Kijana alitugawa. Wanne aliwapandisha juu na dereva. Mpwa wangu na mimi tukabaki naye chini. Akatuongoza hadi mfereji uliojaa nusu kwa udongo, chini ya migunga, akatuambia tukae ndani na tusitikisike. Kisha akapiga simu juu: "Tafuteni wazee."

Tulikaa. Niliwaona wenzetu vizuri kabisa, wamesimama dhidi ya mbingu, mmoja amevaa shati la buluu. Walitazama, wakanyoosha vidole huku na huku. Dakika saba zikapita. Hawakutuona mpaka mpwa wangu alipovua kofia na kuipunga.

Ndipo akatueleza kilichotokea pale tarehe 12 Februari 1916. Waingereza walikuwa na ndege, na bado taarifa walizokwenda nazo zilisema juu ya kilima kuna adui kama 300, bila mizinga. Kumbe walikuwa kama 1,300, wenye bunduki nyingi za rashasha. Mizinga ya Waingereza ikapiga kilele, kwa sababu mtu mwenye akili anatarajia ngome iwe juu. Mahandaki yenyewe yalikuwa chini, kwenye miguu ya kilima, ndani ya kichaka, pale pale tulipokuwa tumekaa. Waafrika Kusini, wengi wao siku hiyo ndiyo mara ya kwanza kupigana Afrika Mashariki, wakatembea kuelekea bunduki wasizoziona. Zaidi ya 130 kati yao waliuawa, walijeruhiwa au walipotea, na waliowafunika wakati wa kurudi nyuma ni Wabaluchi wa jeshi la India, ambao Waafrika Kusini wale walikuwa wakiwadharau siku chache kabla. Wiki moja baadaye Jenerali Smuts, kamanda mpya wa Waingereza, alishuka Mombasa, na mwezi wa Machi Wajerumani waliiacha Salaita bila kupigana kwa sababu walizungukwa.

Nimesoma juu ya vita vya anga maisha yangu yote. Hakuna aliyewahi kunieleza kwa dakika saba, nikiwa nimekaa kwenye vumbi, mipaka ya jicho la mtu aliye juu.

Sasa malalamiko, na nayasema kwa uchungu kwa sababu naitakia ziara hii mema.

La kwanza lilitokea Maktau. Ukingoni, karibu na yale mawe, kuna makopo ya zamani yaliyokula kutu, vipande vya chupa nene za kijani, na mwenzetu mmoja aliona ganda la risasi. Akaliokota, akalifuta kwa shati, akalitia mfukoni. Kijana aliona. Alisema tu, "Hayo yapo mengi." Sikuweza kunyamaza. Nilimwambia yule bwana kwa heshima kwamba sheria ya makumbusho na urithi ya 2006 inalinda vitu vya namna ile, na hata bila sheria, ganda likiwa pale ardhini linakuambia askari alisimama wapi na akaelekeza bunduki wapi. Likiwa mfukoni ni chuma chakavu. Alilirudisha, na namshukuru. Lakini si kazi ya abiria kusema hayo. Yasemwe garini kabla mlango haujafunguliwa. Kundi la watu sita kila Jumamosi, kila mmoja na kipande kimoja, kwa miaka mitano patabaki nini Maktau?

La pili ni zito zaidi. Kwa siku nzima nilisikia majina ya Waingereza, Wajerumani, Waafrika Kusini, na Wahindi kidogo. Nani aliyaokota yale mawe? Nani alibeba petroli na maji mahali reli ilipoishia? Tulipofika Taveta kwenye makaburi ya jeshi nilimuuliza kijana waziwazi. Akasema, "Wapagazi, mzee, lakini wageni huwa hawaulizi."

Baba wa nyanya yangu mzaa mama alichukuliwa Bura kwenda kubeba mizigo. Alirudi, ndiyo maana nipo, lakini ndugu yake hakurudi, na nyumbani kwetu hakuna anayejua alifia wapi. Upande wa Waingereza peke yake wapagazi waliokufa walikaribia 95,000, wengi kwa kuhara, homa na njaa. Nairobi tuna Kariokor, Dar es Salaam wana Kariakoo, majina yaliyotokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza, na watu hununua nyanya kwenye masoko hayo kila siku. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri katika ripoti yake kwamba maelfu kwa maelfu ya Waafrika na Waasia hawakukumbukwa kwa majina kama walivyokumbukwa Wazungu. Maktau kuna makaburi ya Wahindi. Tuliyapita bila kusimama. Kijana huyu ni Mtaita. Kwao wenyewe pengine wapo wazee wenye hadithi hizi. Wageni hawaulizi kwa sababu hawajui kuna la kuuliza, na yeye ndiye wa kuwaonyesha. Nilimwambia hivyo, tukiwa wawili, mbali na wengine, nikamwita mwanangu. Aliinamisha kichwa akasema nyanya yake huimba kitu kuhusu kariakoo na yeye hajawahi kumuuliza maneno yake. Nikamwambia, muulize Jumapili hii hii.

Kuna pia ule mbuyu mkubwa wenye matundu ya risasi, ambapo husimuliwa kwamba mwanamke wa Kijerumani alijificha ndani akiwadungua Waingereza mmoja mmoja kulipiza kisasi cha mumewe. Mbuyu ni mzuri na matundu yapo, nimetia kidole. Kijana alisimulia kama jambo lililothibitishwa. Ningependa aseme, "watu husimulia." Hadithi haipungui utamu kwa neno hilo.

Chakula kililetwa Taveta: kuku wa kienyeji, ugali, mchicha, na ndizi mbivu za Taveta ambazo ni tamu ajabu. Kimanga, chakula cha Kitaita, niliuliza, hakikuwapo. Choo safi kipo Mwatate na Taveta tu. Kati ya hapo ni kichaka, na kichaka hicho kina ndovu, kwa hiyo wazee wenzangu mpange mambo yenu mapema. Maktau ni mlangoni kabisa mwa Tsavo Magharibi. Kijana alikuwa amepiga simu kwa walinzi asubuhi kuuliza kundi la ndovu liko wapi, na hatukuteremka mahali hata pamoja bila yeye kwanza kushuka na kutazama nyayo. Hilo nimelipa alama zote.

Vaa viatu vya kufunika vidole, miba ya huko hupenya ndara. Kofia ya kamba, maana upepo wa kusi ulinichukulia yangu mara mbili. Omba gari lianzie Maktau, mapema iwezekanavyo, ili uione Kilimanjaro kabla haijavuta mawingu. Marubani wa Cull waliitumia kujua walipo, na ukiwa umesimama kiwanjani unaelewa mara moja kwa nini. Usiende na watoto wadogo, siku ni ndefu. Mwanafunzi wa sekondari mpeleke bila kufikiri mara mbili.

Nimewapa nyota nne. Kampuni ilinijibu baada ya siku tatu: onyo la kutookota vitu sasa linasomwa stesheni Voi, na kuanzia Desemba watasimama kwenye makaburi ya Wahindi Maktau. Juu ya wapagazi hawakusema kitu. Lakini juzi usiku kijana mwenyewe alinitumia sauti kwenye simu, dakika mbili na nusu, nyanya yake anaimba kwa Kidawida, lugha ya Wataita. Mama yangu, ana miaka 84, alisikiliza mara nne, na mara ya nne akaimba naye. Desemba nampeleka Maktau. Nimeshalipia viti vitatu.